Siku 28 za Mama Mdogo

Vijana wengi tunaoandika tuna ugonjwa mmoja: tunadhani riwaya haianzi mpaka mtu afe. Fungua madaftari yetu uone. Utakuta bastola, utakuta jambazi mwenye kovu shavuni, utakuta msichana mrembo anashuka kwenye gari la kifahari mbele ya hoteli ambayo mwandishi mwenyewe hajawahi kuingia hata kunywa maji. Mimi pia ninazo kaunta buku tatu za namna hiyo. Tumelelewa na Willy Gamba wa marehemu Elvis Musiba, na sina ugomvi naye hata kidogo. Ndiye aliyenifanya nisome usiku kwa taa ya chemli mpaka bibi akalalamikia mafuta. Lakini ukiniuliza leo ni nani nimemwona kwa macho yangu haya mawili akisimama mbele ya hatari bila kurudi nyuma, sitakutajia mpelelezi. Nitakutajia mama yangu mdogo, mwanamke wa miaka 47, mwenye miwani ya kusomea na buti zilizojaa vumbi la saruji. Kazi yake ni meneja wa miradi ya majengo ya biashara.

Najua unavyofikiri, ndugu msomaji. Meneja? Si wale wa kiyoyozi na chai ya saa nne? Hata mimi nilifikiri hivyo hivyo.

Nilikuja Dar es Salaam kutoka Korogwe baada ya kumaliza kidato cha nne. Matokeo yangu hayakuwa mabaya wala hayakuwa ya kunipeleka mbali. Nikapokelewa Tabata kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu wa kunizaa. Siku ya tatu, baada ya kula, nikajikaza nikamwomba anitafutie kazi ya stoo kwa mkandarasi wake. Mtu mwenye saiti nzima ya ghorofa nane Kariakoo atashindwaje kumpa mtoto wa dada yake kazi ya kuhesabu mifuko? Akaweka kijiko chini.

"Mwanangu," akasema, "nikimwomba mkandarasi nafasi leo, kesho ataniomba sahihi."

Basi. Hakuongeza neno. Nililala na hasira siku hiyo, na mawazo ya kurudi Korogwe. Baada ya wiki moja akaniita tena. Alikuwa anahitaji mtu wa kuandika mihtasari ya vikao na shajara ya saiti ya kila siku, maana macho yake yalikuwa yanachoka. Angenilipa yeye mwenyewe, kutoka mfukoni mwake. Si nyingi, akasema, lakini hakuna mtu atakayekudai kitu kwa ajili yake. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuandika kwa malipo, ingawa si kile nilichoota kuandika.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, kwa sababu nimegundua watu wengi hawaijui, hata wanaopita chini ya majengo hayo kila siku.

Jengo la biashara lina watu watano au sita wanaoliota kwa namna tofauti. Mwenye fedha anaota kodi. Msanifu anaota sura yake. Mhandisi anaota nguzo na mzigo. Mkadiriaji majenzi anaota hesabu, kila msumari na bei yake. Mkandarasi anaota malipo yaje kabla hajawalipa mafundi. Na wapangaji, ambao hata ukuta haujapanda, wameshaota rafu za bidhaa zao. Meneja wa mradi ndiye anayekaa katikati ya ndoto hizo zote na kuzilazimisha ziende kwa kalenda moja. Mama mdogo ni mkadiriaji majenzi kwa kusomea. Alisoma pale Ardhi zamani kilipokuwa kikiitwa UCLAS, kabla hakijawa Chuo Kikuu Ardhi mwaka 2007. Anasema hesabu alijifunza darasani, lakini kukaa katikati ya watu alijifunza kwa bibi, aliyekuwa anasuluhisha ugomvi wa mashamba.

Ofisini kwake, yaani kontena moja lenye feni, kulikuwa na chati kubwa ukutani, mistari ya rangi kama khanga iliyotandazwa. Chati za namna hiyo zinaitwa kwa jina la Mmarekani mmoja, Henry Gantt, aliyezieneza zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kila mstari ni kazi na siku zake. Kuna kazi ukizichelewesha wiki nzima, hakuna atakayejua. Lakini upo mnyororo mmoja ndani yake ambao kazi moja ikichelewa siku moja, jengo zima limechelewa siku moja. Mama mdogo alikuwa ameupaka mnyororo huo rangi nyekundu. Asubuhi kabla ya chai alikuwa anausoma kwa kidole kama mtu anayesoma juzuu. Ndiyo maana mafundi walimwita Mama Kalenda. Walidhani hajui. Alikuwa anajua, na nadhani alikuwa anapenda.

Kariakoo kila mita ya ardhi ina bei yake. Jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, nalo likazungushwa na midomo yetu mpaka likawa la kwetu. Soko kubwa lile lenye paa la miavuli, lililofunguliwa mwaka 1975, lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania, na miavuli ile haikuwa pambo tu. Ilichorwa pia kukinga maji ya mvua. Mwaka 2021 lilishika moto. Mimi nilikuwa nalipita kila siku, kisha naingia kwenye mitaa ambayo zamani ilikuwa na nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ua, na sasa imesimama ghorofa tupu. Mara nyingi mwenye kiwanja hana fedha, na mwenye fedha hana kiwanja, wakaelewana, jengo likapanda, wakagawana ghorofa. Chini kabisa ni fremu za maduka. Fremu ndiyo roho ya jengo. Mfanyabiashara anatoa kilemba kwanza ili apate tu haki ya kuingia, kisha anatoa kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, na anafanya hivyo huku akiangalia kalenda ya sikukuu, maana duka la nguo lililofunguliwa Januari limekosa Krismasi.

Kwa hiyo usimlaumu haraka mwenye jengo anapokuwa na pupa. Tajiri wetu, ambaye sitamtaja, alikuwa na mkopo wa benki, na riba haisubiri zege likauke. Tena alikuwa mtu wa watu. Akija saiti alikuwa anawanunulia mafundi soda kreti nzima. Nayasema haya kwa sababu kwenye kaunta buku zangu tatu tajiri ni shetani tangu ukurasa wa kwanza. Huyu hakuwa shetani. Alikuwa mtu mwenye tarehe.

Sasa, maisha ya mama mdogo nje ya saiti. Hapa ndipo nilipojifunza mengi zaidi.

Aliamka saa kumi na nusu alfajiri. Saa kumi na mbili kasoro gari lake dogo lilikuwa limeshapita Buguruni. Jioni alirudi saa mbili, saa tatu, na simu haikunyamaza hata akiwa anakula. Lori la kokoto limekwama njiani kutoka Lugoba. Jirani wa saiti anadai ukuta wake umepata ufa. Baba mdogo ni mwalimu wa sekondari, mtu wa utani, na wageni wakija alipenda kuwaambia, "Mimi nimeoa mke mwenye mume mwingine, naye ni wa zege." Watu walicheka. Binti yao wa miaka 11 hakucheka. Yeye alikuwa na daftari lake dogo, nililiona siku moja kwenye meza, ameandika siku ambazo mama amerudi kabla hajalala. Mtoto wa Mama Kalenda naye ana kalenda yake.

Lakini Jumamosi saa kumi jioni ilikuwa nyingine. Saa kumi kamili mama mdogo alizima simu. Hakuiweka kimya, aliizima. Akavaa raba na sketi ya michezo, akaenda kiwanja cha shule ya msingi ya jirani kucheza netiboli na wanawake wenzake wa mtaani. Timu ile ina muuguzi, ina askari, ina mama ntilie wawili, ina bibi mmoja mwenye wajukuu ambaye anarusha mpira kama mzinga. Hakuna anayemwita meneja pale. Wanamwita kwa jina la bintiye, Mama Fulani, wanamkaripia akikosea.

Anacheza mlinzi wa goli. Netiboli, kama hujawahi kuitazama kwa makini, ni mchezo wa mipaka. Kila mchezaji ana eneo lake na akilivuka ni kosa. Ukishika mpira huruhusiwi kukimbia nao, na ndani ya sekunde 3 uwe umeutoa. Mlinzi anasimama sentimita 90 kutoka kwa mfungaji, amenyoosha mikono, hamgusi, na anasubiri. Mara nyingi mpira unaingia. Mara chache hauingii. Kutoka pembeni ya kiwanja nilimwona mama yule ambaye siku sita alikuwa anabishana na wanaume wa ghorofa nane, sasa anacheka mpaka anakaa chini.

Siku moja nilimwuliza: Mama mdogo, tajiri akikupigia je? Akajibu, "Jambo ambalo haliwezi kusubiri saa tatu, mwanangu, lilitakiwa kushughulikiwa Ijumaa."

Haya, nije kwenye lile lililonifanya niandike makala hii.

Tulimwaga zege la sakafu ya ghorofa ya kwanza siku ya Alhamisi, kuanzia alfajiri mpaka usiku, mikisa haikuzimwa. Sakafu ile ndiyo paa la fremu za chini. Kwa wasiojua: zege likimwagwa linashikiliwa na mbao na mirunda, yaani nguzo za muda zilizosimama chini yake kama msitu. Watu husema zege linakauka. Mama mdogo hapendi neno hilo. Zege halikauki kama nguo, anasema, linakomaa. Saruji na maji vinaungana pole pole, na ukilinyima maji siku za mwanzo, hasa kwa jua la Dar, umelinyima nguvu. Ndiyo maana mafundi hulimwagilia kama bustani. Siku ile ile ya kumwaga, zege hilo hilo hujazwa kwenye maboksi madogo ya mchemraba, sentimita 15 kila upande, na vipande vinavyotoka humo hupelekwa maabara kupasuliwa kwa mashine. Vingine hupasuliwa siku ya 7, vingine siku ya 28. Siku ya 28 ndiyo siku ya hukumu. Siku ya 7 unategemea kuona kama theluthi mbili ya nguvu yote.

Zege letu lilitakiwa kufikia nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Siku ya 7 tulitegemea 16 au 17. Karatasi ya maabara ikasema 14.

Niliandika namba hiyo kwenye shajara kwa mkono wangu. Nikaongeza: "matokeo ya kusikitisha." Mama mdogo akachukua kalamu akakata. "Nani kasikitika? Andika 14, andika tarehe, andika nani kapima."

Siku ya 10 tajiri akaitisha kikao. Alitaka mirunda itolewe chini ili mafundi wa vigae na milango waingie kwenye fremu. Alikuwa ameshapokea vilemba. Wapangaji walikuwa wameshaagiza mizigo. Mkandarasi akasema yeye yuko tayari hata kesho, maana mirunda ile alikuwa anaihitaji juu. Mhandisi, kijana mpole, alikuwa anaangalia simu yake. Mimi nilikaa kwenye kona na daftari, kwa hiyo haya maneno sikuyabuni, niliyaandika papo hapo.

Tajiri: "Mama, ghorofa ngapi zimejengwa mtaa huu? Wote wanatoa siku ya 10, ya 12. Umeona lililoanguka?"

Mama mdogo: "Mzee, mhandisi akitia sahihi kwamba mirunda itoke, mimi nitakaa pembeni. Asipotia, hautoki hata mmoja."

Wote wakamgeukia mhandisi. Kijana akameza mate. Akasema angependa kuona matokeo ya siku ya 28.

Tajiri akacheka kwa hasira. "Lakini wewe nimekuajiri mimi."

"Ndiyo mzee. Na kwa sababu umeniajiri wewe, nakukatalia wewe. Ningekuwa nimeajiriwa na adui yako ningekubali."

Kontena zima likanyamaza, ikabaki feni tu.

Msomaji, pengine unajua kwa nini alisema vile, pengine ulikuwa mdogo. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa katikati ya jiji, mtaa wa Indira Gandhi, lilianguka asubuhi. Walikufa zaidi ya watu 30. Mama mdogo wakati huo alikuwa kwenye mradi mwingine karibu na pale, aliona vumbi. Halafu tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi, Kariakoo kwenyewe, jengo la maduka likaanguka watu wakiwa ndani wanauza na kununua. Walikufa zaidi ya 20, na kwa siku kadhaa waokoaji walikuwa wanasikiliza sauti chini ya kifusi. Jumamosi ile mama mdogo hakwenda netiboli. Baba mdogo aliniambia alikaa uani mpaka giza likaingia, na alipoitwa kula akasema tu, "Pale pote paliwahi kuwa na mtu aliyesema twende tu."

Yeye hakutaka kuwa mtu huyo.

Zikaja siku 18 ndefu. Mafundi wa vigae walirudishwa nyumbani. Mpangaji mmoja akadai kilemba chake, akapiga kelele getini. Jumamosi ya katikati tajiri alipiga simu saa kumi na nusu, akakuta imezimwa. Jumatatu akalalamika mbele ya watu kwamba jengo lake linasimamishwa na mtu anayekwenda kucheza mpira. Mama mdogo hakujibu hilo. Kila siku alikuwa anatembea chini ya ile sakafu, kati ya mirunda, anagusa mmoja mmoja kwa kiganja. Nyumbani alikuwa halali vizuri. Usiku nilisikia mlango wa uani ukifunguka. Nami nilikuwa na hofu yangu ya kichoyo, ya mshahara: akifukuzwa yeye, kalamu yangu nayo imefukuzwa.

Siku ya 28 maabara ikaleta karatasi. 26.

Limefaulu. Zege lilikuwa zima. Baadaye mhandisi alieleza kwamba saruji tuliyotumia ni ya aina iliyochanganywa na udongo wa volkano, na aina hiyo hupata nguvu pole pole kuliko ile nyingine; inachelewa lakini inafika. Mirunda ikatolewa, fremu zikamalizwa mbio mbio, wapangaji wakaingia wakiwa wamechelewa sikukuu kwa siku chache.

Na mwisho wa mwezi ule mama mdogo akapewa barua. Mkataba wake hautaendelea. Barua ilikuwa ya heshima, na asante nyingi.

Hapa ndipo nilipochanganyikiwa, na nadhani kama wewe ni mwandishi utachanganyikiwa pia. Katika hadithi tulizozoea, mkaidi mwenye haki lazima athibitishwe. Zege lingekuwa bovu, karatasi ingesema 18, tajiri angepiga magoti kumshukuru. Au angeondolewa, mirunda ikatolewa, jengo likaanguka, na dunia ikajua. Lakini hapana. Zege lilikuwa zima. Kwa macho ya tajiri, na ya mkandarasi, na hata ya baadhi ya ndugu zetu, mama mdogo aliwapotezea watu Krismasi bure.

Nilimwambia hivyo jikoni, kwa uchungu. Alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua kichwa: "Siku ya 10 hakuna aliyejua kuwa ni 26. Hata mimi. Kubahatisha na maisha ya watu, ukapatia, bado ulibahatisha."

Kisha akaniomba nimletee maji.

Alikaa nyumbani miezi minne. Si miezi ya raha. Ada ya mtoto ilichelewa, gari likauzwa, na simu ile ambayo haikuwa inanyamaza ikanyamaza. Watu waliokuwa wakimwita mama kila siku wakawa hawapigi. Mimi nikaenda kubeba mizigo Kariakoo, na mara nyingine niliipandisha kwenye fremu zile zile. Lakini binti yake aliacha kuandika kwenye daftari lake, maana hapakuwa na cha kuandika, mama alikuwepo. Na Jumamosi saa kumi, fedha iwepo isiwepo, raba zilivaliwa. Siku moja nilimwuliza kama hajutii. Akafikiri sana, akasema anajutia usingizi alioupoteza, na zile jioni za mtoto. Zile siku 18, hapana.

Sasa hivi anasimamia ghala kule Vingunguti, mradi mdogo, ghorofa hakuna. Amenirudisha kwenye shajara, kwa malipo yale yale. Amenifundisha kuandika kuliko mtu mwingine yeyote, ingawa hajawahi kusoma hata ukurasa mmoja wa riwaya yangu. Nani? Saa ngapi? Ngapi? Maswali matatu hayo yameua vivumishi vyangu vyote vya hovyo.

Na riwaya je? Nimeanza ya nne. Adam Shafi alishatuonyesha njia mwaka 1979 alipoandika Kuli, riwaya nzima juu ya watu wa bandarini Unguja na kazi yao, na hakuna aliyesema haina msisimko. Yangu ina mwanamke, ina sakafu ya zege, ina siku 28. Tatizo langu ni kwamba kilele chake ni jambo lisilotokea. Jengo haliangiki. Watu wanapita chini wananunua mashati, hawajui kitu, wanabishana bei. Nimeandika sura hiyo mara tano na rafiki zangu wa kijiweni wananiambia iongezee mlipuko. Sitaongeza. Nimekwenda mara kadhaa kusimama ndani ya moja ya fremu zile, nikatazama juu, nikaona dari nyeupe na feni na mashati yanayoning'inia. Hakuna alama ya mrunda hata mmoja. Kazi ya mama mdogo ikifanywa vizuri haionekani, na anayelipa gharama yake haandikwi kwenye kibao cha mradi.

Basi mwandishi mwenzangu, wewe uliye Tandika, Magomeni, Tanga, Mwanza, unayehangaika kumtafuta mhusika mwenye bastola: jaribu jambo moja. Jioni mama yako, au mjomba, au dada mkubwa akirudi kutoka alikokuwa, mpe maji ya kunywa. Halafu mwulize leo alikataa nini. Kaa na daftari. Usimkatishe.